Amri Moja, Kazi Nne: Yanayotendeka Ndani ya Kompaila

Mwanafunzi wa lugha ya C akishaandika amri yake kwenye skrini nyeusi ya terminali na kubonyeza Enter, jambo zuri kuliko yote linaloweza kumpata ni kutojibiwa. Hakuna dirisha linalofunguka wala mlio unaosikika. Unajitokeza mstari mpya tu, tayari kwa amri nyingine. Maana yake kompaila imeisoma programu yake tangu juu hadi chini na haikuona cha kulalamikia.

Amri yenyewe ni fupi:

gcc salamu.c -o salamu

Neno la kwanza ni jina la kompaila, la pili ni faili lenye msimbo alioandika mtu, na -o hutangulia jina ambalo zao la kazi litapewa. Asiyetaja jina huletewa faili liitwalo a.out, jina lililorithiwa kutoka Unix ya zamani. Programu iliyokamilika huendeshwa kwa kuandika ./salamu. Nukta na mkwaju vinavyotangulia vinasema "katika folda hii hii". Bila hivyo Linux haitafuti programu katika folda aliyomo mtumiaji, na imepangwa hivyo kwa makusudi, ili mtu asije akaendesha bila kujua faili la mhuni lililojipachika jina la amri ya kila siku kama ls.

Kompaila inahitajika kwa sababu prosesa haielewi C. Inaelewa namba zinazoiamuru ichukue hiki, ijumlishe na kile, iruke hadi pale. Lugha kama Python kwa kawaida huendeshwa na programu inayofanya kazi kama mkalimani wa mkutanoni, anayetafsiri papo hapo na asipokuwapo mazungumzo hukwama. Kompaila ni mfasiri wa kitabu: humaliza kazi yote kwanza, akakabidhi nakala na kwenda zake. Ndiyo maana faili la salamu linaweza kunakiliwa kwenye kompyuta nyingine ya aina ile ile isiyo na kompaila kabisa, nalo likafanya kazi.

Wazo hili halikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alitengeneza mfumo ulioitwa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC. Baadaye alisimulia kwamba wenzake walimwambia kompyuta haiwezi kitu kingine zaidi ya hesabu. Miaka mitano tu ikapita, na mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa kompaila ya Fortran. Lugha ya C ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell. GCC, kompaila iliyotumika hapo juu, ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987, huru kwa yeyote kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipotangaza Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo wake wa kompyuta, alitaja programu mbili alizokwisha kuziwezesha kufanya kazi humo. Moja ilikuwa GCC.

Amri ile moja huficha kazi nne. Anayetaka kuziona huongeza -save-temps, na kompaila itamwachia mafaili ya katikati badala ya kuyafuta.

Kwanza hushughulikiwa mistari inayoanza na alama ya #. Mstari kama #include <stdio.h> huondolewa na mahali pake pakawekwa yote yaliyomo katika faili hilo, hivyo programu ya mistari sita huvimba ikawa na mistari mia kadhaa. Kazi ya pili ndiyo moyo wa shughuli: sarufi hukaguliwa, kisha msimbo hugeuzwa kuwa lugha ya asembli, ambayo bado binadamu anaweza kuisoma kwa taabu. Ya tatu ni ya asembla, inayogeuza maandishi hayo kuwa namba za prosesa. Ya nne ni ya kiunganishi, kinachotafuta katika maktaba za mfumo vipande ambavyo mwandishi alivitumia bila kuviandika, kama printf inayochapa maneno kwenye skrini.

Kuzijua hatua hizi huokoa muda mwingi. Mwanafunzi anayekokotoa kipeuo cha pili anaweza kupata lalamiko la "undefined reference to sqrt", akakagua msimbo wake mara kumi bila kuona kosa. Kosa halimo humo. Anayelalamika ni kiunganishi, ambacho hakikuambiwa kitazame maktaba ya hesabu. Dawa ni kuongeza -lm mwishoni mwa amri.

Makosa ya sarufi hutangazwa kwa mpangilio maalumu: jina la faili, namba ya mstari, namba ya safu, kisha lalamiko. "salamu.c:4:27: error: expected ';'" ina maana kwamba kwenye mstari wa 4, safu ya 27, ilitarajiwa nukta mkato. Nukta mkato moja iliyosahauliwa inaweza kuzaa malalamiko mengi, kwa kuwa kompaila ikishapotea njia huona kila kinachofuata kuwa kigeni. Wazoefu hurekebisha kosa la kwanza, wakarudia amri, ndipo wakatazama yaliyobaki.

Kosa huzuia programu isizaliwe. Onyo halizuii, hutolewa, na faili linatoka vile vile. Na hapa ndipo anayeanza hudanganyika na ule ukimya. GCC isipoombwa hunyamazia mengi inayoyaona. Chaguo la -Wall huifungua mdomo, lakini ingawa jina lake linaahidi maonyo yote, mengine yanahitaji -Wextra, na mengine huitwa moja moja kwa majina yao.

Mambo hayo yana historia nzito. Novemba 2003, mtu ambaye hakutambuliwa hadharani alipenyeza mistari miwili katika nakala mojawapo ya msimbo wa Linux. Ndani yake mlikuwa na maneno (current->uid = 0). Katika C, alama mbili za usawa hulinganisha, moja hupachika thamani. Msomaji mwenye haraka angedhani mstari unauliza kama mtumiaji huyu ni namba 0, yaani mwenye mamlaka yote ya mfumo. Kwa kweli ulikuwa unamfanya awe namba 0. Kwa kawaida -Wall huonya alama moja ya usawa inapoonekana ndani ya sharti. Lakini sehemu hiyo ilizungushiwa mabano yake yenyewe, na mabano hayo GCC huyachukulia kama kauli ya mwandishi kwamba amekusudia. Onyo lisingetoka. Hila iligunduliwa kwa sababu nakala ile haikulingana na hazina kuu ya msimbo.

Kisa cha pili hakikuwa na mhalifu. Februari 2014 Apple ilirekebisha kasoro katika programu za simu na kompyuta zake: mstari wa "goto fail;" ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulifuata sharti lililo juu yake, wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, ingawa nafasi za pembeni zilimwonyesha msomaji vinginevyo. Matokeo yake ukaguzi wa saini ya tovuti ulirukwa, na mtu aliye kwenye mtandao mmoja na mwathirika angeweza kujifanya tovuti halali. Clang, kompaila nyingine maarufu, ilikuwa na chaguo la -Wunreachable-code linaloonyesha msimbo usiofikika kamwe. Halikuwamo katika -Wall. Mwaka 2016 GCC toleo la 6 ilileta -Wmisleading-indentation, onyo dhidi ya mpangilio wa nafasi unaopotosha jicho, na safari hii likaingizwa katika -Wall.

Chaguo nyingine hugusa kasi. Kwa -O2 kompaila hupangua na kupanga upya msimbo ili programu ikimbie, na hutupa kisichotumika. Anayepima kompyuta yake kwa kuihesabisha hadi bilioni moja bila kutumia jibu popote anaweza kushangaa kazi ikiisha papo hapo: hesabu yote imefutwa. Anayewinda kasoro huongeza -g, ili chombo cha uchunguzi kama gdb kiweze kumwonyesha mstari halisi programu ilipoangukia.

Kompyuta si lazima. Kwenye simu ya Android, programu ya bure iitwayo Termux hutoa terminali kamili, na amri ya pkg install clang huleta kompaila inayokubali karibu chaguo zote zilizotajwa hapa. Anayeanza anaweza kuandika clang -Wall -Wextra -g salamu.c -o salamu. Siku atakayotaka kuwakabidhi wengine kazi yake, ataongeza -Werror, na hapo kila onyo litahesabiwa kuwa kosa: faili halitatoka mpaka malalamiko yote yaishe.