Sumaku Haishiki Mfupa

Swali huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya mgonjwa aliyekwisha fanyiwa upasuaji: "Dokta, nimenunua mkanda wa sumaku, niuvae hapa kwenye muundi ukivute kile chuma kikae vizuri?" Sura ya pili ni ya ndugu wa mgonjwa, aghalabu kijana aliyeona video kwenye simu: "Kwani sumaku si zinavutana? Kwa nini msiweke moja huku na moja huku, vipande vikashikana vyenyewe, badala ya kumpasua mzee na kumjaza skrubu?" Nimelijibu swali hili wodini, kliniki, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, na hata msibani nikiwa na sahani ya wali mkononi. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeniuliza tena nimpe gazeti.

Tuanze na mkanda, kwa sababu ndio unaokula pesa za watu.

Toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Iguse kwenye nondo ya ujenzi: inang'ang'ania, mpaka uibandue kwa nguvu. Sasa iguse kwenye msumari tuliouchomoa mguuni mwa mtu baada ya mfupa wake kuunga. Haing'ang'anii. Inateleza na kuanguka mezani. Jaribio hili huwa nalifanya kliniki mbele ya mgonjwa na mkanda wake, na kila mara uso wa kwanza kubadilika ni wa yule ndugu aliyelipia.

Sababu haina uchawi. Chuma tunachoweka mwilini ni aina ya chuma cha pua, ile inayoitwa 316L. Ndani yake mna kromiamu kama asilimia 17, nikeli kati ya asilimia 10 na 14, na molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Nikeli hiyo inabadili mpangilio wa chembe za chuma, na kwa mpangilio huo chuma hakishikwi na sumaku. Titani, ambayo ndiyo aina nyingine tunayotumia, nayo haivutiki. Wala hatukuchagua madini haya kwa kuogopa sumaku. Tuliogopa kutu. Mwili ni maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, usiku na mchana, na chuma cha kawaida kingeoza humo ndani.

Haya, tuseme kingevutika. Kitu kilichopimwa, kikanyooshwa na kukazwa kwa skrubu juu na chini, wewe unataka kivutwe kiende upande gani?

Muuzaji hakosi la kusema. Ukimwonyesha kwamba chuma hakivutiki, anahamia kwenye damu: damu ina madini ya chuma, sumaku inaivuta, damu ikija kwa wingi mfupa unaunga upesi. Sentensi ya kwanza ni kweli, na ndiyo inayozibeba nyingine zote. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma mwilini, na sehemu kubwa imo kwenye chembe nyekundu za damu. Lakini si unga wa chuma unaoelea. Ni atomi moja moja zilizofungwa ndani ya protini, na tabia yake haifanani kabisa na ya msumari. Linus Pauling na Charles Coryell walilipima jambo hili mwaka 1936: damu iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, inasukumwa, tena kwa nguvu ndogo mno. Kwa hiyo, kama mkanda ungefanya kazi kwa njia anayoieleza muuzaji, ungekuwa unafukuza damu safi kwenye kidonda. Shukuruni kwamba haufanyi kazi.

Anayetaka ushahidi mwepesi zaidi aiangalie mashine ya MRI. Sumaku zinazotumika sana ndani ya mashine hizo zina nguvu ya tesla 1.5, ilhali zile za bangili na mikanda huwa kama tesla 0.2 tu pale zinapogusa ngozi, na sentimita chache ndani ya nyama zimekwisha. Watu wanalala ndani ya MRI nusu saa, wanaamka, wanavaa viatu, wanakwenda zao. Damu ingekuwa inafuata sumaku, mgonjwa wa kwanza asingetoka mle.

Na bado wenzetu wamejaribu kwa haki kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitoa matokeo yao mwaka 2013. Wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa kwa zamu mikanda ya mkononi: wenye sumaku kamili, wenye sumaku hafifu, ulioondolewa sumaku, na bangili ya shaba. Kila kimoja wiki tano. Maumivu, uvimbe, dawa walizomeza, kila kitu kikapimwa. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya sumaku na isiyo sumaku. Huo ni ugonjwa wa viungo, utaniambia, wala si mfupa uliovunjika. Sawa. Kitu kilichoshindwa kutuliza kifundo cha mkono sentimita moja chini ya ngozi kitafanyaje kazi ndani ya paja?

"Lakini jirani yangu alivaa akapona." Alipona, ndiyo. Muundi uliovunjika vizuri na kutulizwa vizuri huunga kwa kiasi cha miezi minne, na jirani yako aliuvaa mkanda miezi minne. Angevaa saa ya mkononi pia angepona.

Ninachokasirikia hasa si pesa. Ni muda. Mkoa huu wa Tabora watu wanaanguka kutoka mitini wakirina asali, wanaanguka msimu wa maembe, na bodaboda nazo hazina msimu. Mtu anafungwa hogo, wiki ya tatu linawasha, anaambiwa sumaku "inaunga bila kubana", analikata kwa msumeno nyumbani. Anarudi kwangu miezi mitano baadaye akitembelea fimbo, mguu unapinda katikati ya muundi, mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Ukiushika juu na chini ya pale unacheza kama bawaba, na hauumi sana tena. Kutouma huko ndiko kubaya: mwili umekata tamaa ya kuunga, umeziba ncha za mfupa na kuweka nyama ngumu katikati. Hapo kilichokuwa kazi ya hogo kinakuwa kazi ya upasuaji mkubwa na kupandikiza mfupa kutoka nyonga.

Kwa sababu mfupa hauhitaji kuvutwa. Unahitaji utulivu, damu na muda, na ukikosa utulivu, hivyo viwili vingine havitoshi. Mfano mashuhuri kuliko yote umepita hapa hapa Unyanyembe, mabegani mwa wapagazi.

Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia David Livingstone akamsaga mfupa wa mkono wa kushoto, ule ulio kati ya bega na kiwiko. Alikuwa tabibu mwenye leseni ya Glasgow, akasimamia mwenyewe matibabu yake. Meno ya simba yalikuwa yameingiza uchafu, vipande vilikuwa vingi, na hapakuwa na kitu cha kuvishika visicheze. Havikuunga. Pale ulipovunjika pakabaki kiungo cha uongo, akaishi nacho. Mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, akisubiri watu ambao mwanahabari Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake, Susi na Chuma, pamoja na wenzao wakaukausha mwili juani na kuubeba. Oktoba wakafika Unyanyembe, ambako Mwingereza mmoja, Luteni Cameron, aliwashauri wamzike hapa. Wakakataa, wakaifuata njia ya misafara mpaka Bagamoyo. Mwili ulipofika London, Aprili 1874, uso haukuwa wa kutambulika. Daktari mpasuaji Sir William Fergusson akauchunguza mkono wa kushoto, akakuta mfupa uliovunjika mshazari na haujaunga. Akasema ndiye.

Miaka 30, kasoro kidogo, bila kuunga. Wageni tunaowapeleka kuliona tembe la Livingstone pale Kwihara tunawasimulia uaminifu wa wapagazi, na ni haki yao kusifiwa. Mimi nikifika pale huwa nauwaza ule mkono. Kwa mkono wa aina ile mtu anaandika na kusafiri. Lingekuwa paja, asingefika Ujiji.

Sasa yule kijana wa video. Wazo lake si la kijinga, lina kasoro tatu tu na zote ni kubwa. Kwanza, sumaku ina nguvu ya kuvuta moja kwa moja, haina nguvu hiyo ya kuzuia kuteleza. Weka sumaku mbili mezani zimeshikana: kuzibandua ni kazi, kuzitelezesha moja pembeni ya mwenzake ni rahisi. Na mfupa uliovunjika unaharibiwa hasa na kuteleza, kupinda na kuzunguka. Pili, nguvu hiyo inakufa haraka kwa umbali. Kwa sumaku mbili ndogo, ukiongeza nafasi mara mbili nguvu inabaki sehemu moja ya 16. Kati ya vipande vya mfupa huwa pana damu iliyoganda na nyama. Hakuna mgusano safi. Tatu, uzito. Kila hatua unayotembea, kiungo cha nyonga kinabeba mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anaweka karibu kilo 200 pale, na bado hajajitwika ndoo. Sumaku zenye nguvu ya maana mbele ya mzigo huo ni za neodimiamu, na hizo zinapata kutu upesi ajabu. Sharti zifunikwe kabisa kwa titani. Tena mwenye sumaku mwilini hawezi kuingizwa kwenye MRI kienyeji.

Nisiposema lifuatalo, kesho nitatumiwa video nyingine. Ndiyo, vipo vifaa vya upasuaji vyenye sumaku ndani. Kimoja kinaitwa PRECICE, msumari wa kurefusha mfupa, uliopata kibali Marekani mwaka 2011. Kingine ni MAGEC, fimbo ya kunyoosha uti wa mgongo wa watoto wadogo unaopinda. Kilipata kibali huko huko mwaka 2014, na kiliwaepusha watoto na upasuaji wa kila miezi sita. Lakini tazameni sumaku inafanya nini mle. Haishiki mfupa. Mfupa umeshikwa na skrubu, zile zile mnazozichukia. Sumaku imefichwa ndani ya bomba. Mashine ya nje inaizungusha, nayo inazungusha parafujo, kama jeki ya gari, bomba linarefuka kidogo kidogo; kwa PRECICE ni milimita moja kwa siku, robo kwa robo. Na hata hivyo vina matatizo yake: mwaka 2020 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilisitisha matumizi ya MAGEC, na mwaka 2021 mtengenezaji wa PRECICE aliondoa sokoni toleo lake la chuma cha pua kwa sababu ya mabadiliko yaliyoonekana kwenye mifupa ya wagonjwa. Hivi ni vifaa vya kurefusha, vya bei ya kutisha, wala havimhusu mzee aliyeanguka na bodaboda Ipuli.

Mashine za mawimbi ya sumaku ya umeme nazo zipo tangu 1979 Marekani, kwa mifupa iliyokataa kuunga. Australia walizijaribu kwa wagonjwa 259 waliovunjika muundi, wakatoa matokeo 2011: hazikupunguza idadi ya waliohitaji upasuaji tena. Tuendelee.

Cha kufanya, basi. Ukivunjika, funga banzi juu na chini ya mvunjiko, mfupa ukiwa umetoka nje funika kwa kitambaa safi na uje siku hiyo hiyo. Kidonda cha namna hiyo kinahesabiwa kwa saa. Banzi likikubana mpaka vidole vikafa ganzi au vikawa baridi, lifunguliwe papo hapo, awe amelifunga daktari au mganga wa mifupa. Mtoto mara nyingi hogo linamtosha. Mtu mzima aliyevunjika paja anahitaji msumari ndani ya mfupa, na kuna msumari wa SIGN, uliobuniwa na taasisi iliyoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mwaka 1999, unaowekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Umetumika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali ya Bugando. Anzeni hospitali ya Kitete au ya Nkinga, mkiambiwa mwende mbele nendeni, msipitie kwa muuza mikanda. Kuleni maharage, dagaa, mayai. Na tumbaku: najua Urambo na Sikonge zinaishi kwa zao hili, limeni, uzeni, lakini mwenye mfupa uliovunjika asivute, maana wavutaji mifupa yao huchelewa kuunga na mingine hukataa kabisa. Ikipita miezi tisa bila kuunga, na mitatu ya mwisho picha haijabadilika, hiyo si subira tena, ni upasuaji. Mnapokuja kliniki njooni na picha zote za eksirei, hata zile za siku ya kwanza, na msizikunje.