Kupima Selimundu Kabla ya Ndoa

Ndugu katika imani, tunaulizwa: kupima damu kabla ya nikaha ni kupinga kadari? Hapana. Ni kushika sababu, kisha kutawakali.

Selimundu hurithiwa. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni ya himoglobini kwa baba, na moja kwa mama. Zote mbili zikiwa na kasoro ya herufi moja tu ya DNA, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu. Ikiwa ni moja, kwa kawaida mtu ni mzima, ila ni mbebaji.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mgonjwa, hata kama waliotangulia ni wazima.

Basi tusimlaumu mama peke yake, wala tusiseme mtoto karogwa. Wazazi, vijana wapimwe kabla ya posa. Wallahu a'lam.