Bila kodi? Mama alidhani naikimbia serikali

Siku niliyomwambia mama kwamba naacha kazi ya mshahara nilikuwa kwenye treni, natoka Euston kurudi Milton Keynes, na simu ilikuwa inakatika kila tukiingia kwenye handaki. Nikamwambia, "Mama, nafungua biashara yangu. Nitakuwa natengeneza tovuti bila kodi." Kimya. Nikadhani mtandao umeondoka tena. Kumbe mama yuko palepale. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ile ya msibani, "hawa Waingereza kwenye kodi hawana mchezo. Watakufunga."

Ilinichukua mpaka Leighton Buzzard kumweleza kwamba iko kodi ya serikali na iko kodi ya kompyuta, na kwamba ya serikali nitailipa yote. Wenzangu ambao Kiswahili chetu tumekipata jikoni na kwenye magari ya kwenda harusini, tujifunze pamoja: hiyo ya kompyuta, kwa Kiswahili cha vitabuni, inaitwa msimbo. Mie sikulijua neno hilo mpaka wiki ile. Ningelijua mapema ningemwepushia mama presha.

Tulipoigusia habari hii kwenye kipindi, wengi mlitaka kujua mambo mawili: pesa inatoka wapi, na kama ni kweli mtu anaweza kutoza maelfu ya pauni kwa kitu ambacho hakukiandika yeye. Nitajaribu kujibu yote mawili, ila hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Kazi yenyewe iko hivi. Ziko programu kama Webflow, Squarespace, Wix na Framer. Unazifungua kwenye kivinjari, unapanga ukurasa kwa macho: picha hapa, maandishi pale, kitufe chini yake. Msimbo unaandikwa na programu, nyuma ya pazia. Wala si jambo la jana, Squarespace iko tangu 2003 na Wix tangu 2006. Lakini msidanganyike na hilo neno "bila". Kwenye Webflow, usipoelewa kwamba kila kitu kwenye ukurasa ni boksi ndani ya boksi, na kila boksi lina nafasi yake ya ndani na ya nje, utalia. Mie nililia mwaka mzima. Digrii yangu ni ya jiografia, na miaka minane nilikuwa idara ya mawasiliano ya halmashauri, naandika matangazo ya siku za taka. Kila jioni, sahani zikishaoshwa, nafungua kompyuta na kusukuma maboksi.

Tovuti ya kwanza nilimfanyia rafiki yangu aliyeanza kuoka keki. Pauni 350. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa yoga, pauni 500. Nilipogawa kwa saa nilizotumia nikakuta napata chini ya kijana anayepanga maziwa supamaketi. Na hao ndio waliokuwa wakinipigia simu saa tatu usiku kuniuliza kama naweza kuisogeza nembo kushoto kidogo. Nimekuja kuamini kwamba bei ndogo haikuletei mteja mwenye shukrani. Inakuletea mteja mwenye wasiwasi, maana hizo pauni 350 kwake si ndogo.

Mlango ulifunguliwa na keki. Mteja mmoja wa rafiki yangu ni mama wa Kiingereza anayepamba nyumba za watu huko Marylebone. Akaiona tovuti ya keki, akataka anijue. Nikaenda, nikapewa chai kwenye kikombe chembamba kama ganda la yai. Kichwani nilikuwa nimeshika pauni 900. Huku tukizungumza akataja, kama mtu anavyotaja hali ya hewa, sofa ya mteja wake iliyogharimu 11,000. Akaniuliza bei yangu. Sijui mdomo ulifunguliwa na nani. Nikasema 4,800.

"Sawa," akasema, bila hata kuinua kichwa.

Nilitoka pale tumbo linaniuma. Sikuwa na furaha, yakhe, nilikuwa na hofu. Pesa kama hiyo kwetu ilikuwa ya kubadilisha paa, si ya kurasa saba.

Kazi ya yule mama ndiyo iliyonifundisha wanachonunua watu wa namna hii. Alinipa picha 140 za nyumba alizopamba. Alichotaka ni mtu wa kumwambia kumi na mbili zipi zibaki, na amwambie kwa adabu lakini bila kuogopa. Alitaka mtu wa kumwuliza: anayefungua ukurasa huu ni nani, yuko wapi, na ukimalizika anafanya nini? Nilikaa naye vikao vitatu kabla sijafungua programu. Picha moja peke yake ilikuwa na megabaiti 18. Jaribu kuifungua hiyo kwenye simu, garini, mtandao hafifu. Kuzipunguza uzito na kuzigeuza ziwe WebP, zisipoteze uzuri wake, kulinila siku mbili, na hakuna atakayekuja kuzisifu siku hizo mbili.

Halafu kuna ugonjwa wa tovuti za kitajiri: maandishi membamba, ya kijivu hafifu, juu ya nyeupe. Yanaonekana ghali. Hayasomeki. Mwongozo wa kimataifa unaoitwa WCAG, katika kiwango chake cha AA, unataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na ya nyuma yake. Yeye alichokichagua hakikufika hata 3. Tulibishana wiki nzima. Mwisho nikamwuliza wateja wake wana umri gani. Miaka sitini, sabini. "Na miwani yao huwa wapi?" Akacheka. Rangi ikakolezwa.

Baada yake walikuja wengine watatu, wakiambizana wenyewe kwa wenyewe, maana watu hawa hawatafuti kwenye Google, wanaulizana mezani. Ndipo nikatoa notisi kazini. Na ndipo alipokuja bwana wa vito.

Tulikubaliana 6,500, nusu mwanzo, nusu mwisho. Tovuti ikatoka nzuri, nasema mwenyewe. Siku mbili kabla ya kuizindua, mpwa wake anayesoma kompyuta chuoni akafungua msimbo wa ukurasa. Kwenye Webflow alama iko juu kabisa, imeandikwa data-wf-site, haihitaji upelelezi. Jioni nikapata barua pepe yenye mistari miwili. Kumbe hukuijenga wewe? Nimelipa pesa zote hizi kwa kitu cha kuburuta na kuachia?

Niwaeleze nilikuwa na nini mkononi siku ile. Mshahara wa halmashauri ulikuwa umebaki mmoja. Kila mwezi namtumia bibi Unguja pauni 120, za dawa za presha na sukari na za msichana anayelala naye. Hiyo nusu ya pili, 3,250, nilishaigawa kichwani mpaka senti ya mwisho. Na jambo linaloniuma zaidi: kwenye ukurasa wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba tovuti zetu "zinajengwa kwa mkono". Uongo haukuwa, mkono ni wangu na kipanya nilikishika. Lakini nililiweka neno lile makusudi, ili mtu asiulize.

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia. Nikamwambia ni kweli, situmii msimbo, natumia programu, na nilipaswa kukwambia siku ya kwanza. Kisha nikamwonyesha kwenye skrini jinsi atakavyobadilisha bei ya pete mwenyewe bila kunilipa mie hata peni. Akatulia kidogo. Halafu akauliza swali la maana kuliko la mpwa wake: "Na hiyo kampuni ya programu ikifa?"

Hapo hakuna kona ya kujificha. Adobe, kampuni kubwa namna ile, walikuwa na programu ya kutengeneza tovuti bila msimbo inayoitwa Muse. Machi 2018 wakatangaza hawaiendelezi tena, na Machi 2020 msaada ukakoma. Walioitegemea ikabidi wahame na mizigo yao. Webflow, kwa anayelipia, inakuruhusu kuutoa msimbo na kuupeleka kwingine, lakini fomu zake na maudhui yanayotunzwa ndani ya mfumo wake hayaendi yakifanya kazi. Wix haikuruhusu kabisa kuichukua tovuti ukaiweke kwa mwingine. Nikamweleza yote hayo. Na ili kuonyesha nia njema, jioni ileile nikamhamishia umiliki wa tovuti kwenye akaunti yake.

Mama ni fundi cherehani. Magauni ya harusi nusu ya Wazanzibari wa mji huu yamepita mikononi mwake. Nilipomhadithia, la bwana wa vito halikumshtua hata kidogo. "Kwani mie vitambaa nafuma? Nanunua." Mfano mzuri, nami niliushika siku kadhaa, ila haunitoshi. Kitambaa cha mama akishakilipia ni chake, hakuna kampuni itakayokuja kukichukua kabatini. Kilichomshtua yeye ni kingine. "Hebu ngoja. Ulimpa gauni kabla hajamaliza kulipa?"

Ndiyo, mama. Nilimpa.

"Kwangu gauni halitoki mlangoni."

Ankara ilikuwa ya siku 14. Alilipa siku ya 74. Katikati hapo nilikopa kwa baba, na mwezi mmoja bibi alipata 60 badala ya 120, akaniambia zinatosha, na mie najua hazitoshi. Hapa Uingereza iko sheria ya 1998 kuhusu malipo ya biashara yanayocheleweshwa: kama hamkukubaliana vingine, unaweza kudai riba ya asilimia 8 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu yao, pamoja na fidia kidogo. Niliitaja kwenye barua ya tatu, kwa upole kabisa, na pesa zikaingia baada ya siku mbili. Riba sikuidai. Wengine mtasema nilikuwa mjinga, sibishi.

Siku hizi jina la programu liko kwenye mkataba, aya ya tatu, pamoja na maelezo ya nini kinahamishika na nini hakihamishiki. "Kwa mkono" nimefuta. Jina la tovuti, yaani ile anwani, linasajiliwa kwa mteja tangu mwanzo, lakini tovuti yenyewe nakaa nayo mpaka malipo ya mwisho. Mteja mmoja alisoma aya ya tatu akaenda kutafuta mtu wa msimbo. Alikuwa na haki yake.

Kuhusu hiyo kodi nyingine, nitapita haraka maana nilijifunza kwa kuhangaika. Nilipoanza nikiwa bado nimeajiriwa, mapato yangu ya pembeni yalipopita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi ilibidi nijisajili HMRC, na marejesho ya mtandaoni mwisho wake ni 31 Januari. VAT ni lazima mauzo ya miezi 12 yakipita pauni 90,000, tangu Aprili 2024, na mie niko mbali sana na huko. Robo ya kila malipo inaenda kwenye akaunti ambayo siigusi. Mwaka wa kwanza nilipolipa nilimpigia mama picha ya risiti nikamtumia. Akajibu kwa moyo mmoja mwekundu.

Limebaki la ami. Ami yangu ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba sita, na amechoka na mawakala wa mtandaoni wanaokata kamisheni kwa kila chumba. Akampigia baba: mtoto wetu si ndiye fundi wa haya mambo? Nikampa bei ya nusu, nikajiona mkarimu. Hakupokea simu yangu Ramadhani nzima. Baba hakusema kitu mpaka usiku wa Idi, ndipo akaniambia, kama mtu anayetafuta chumvi, "Ami yako ndiye aliyenilipia nauli ya kuja huku. 1989."

Sikuwa naijua habari hiyo. Nina miaka 34 na hakuna aliyewahi kuniambia.

Basi nimemfanyia. Mkataba nimemtumia kama wa mteja mwingine yeyote, na aya ya tatu imo. Ada ya mwezi ya programu analipa mwenyewe, hapo sikulegeza. Na ankara nimeiandika kamili, pauni 3,000, na chini yake: "Punguzo: nauli ya baba, 1989, pauni 3,000. Jumla: sifuri." Alinijibu kwa voisi ya dakika nne, dakika moja nzima ni kicheko. Kisha akatuma picha 61 za vyumba. Nyingi zina kidole gumba chake pembeni, na mpaka jana nilikuwa bado nachagua.