Uyoga wa Kichuguu na Uyoga wa Pakiti

Ukiwasikiliza wauzaji wa kahawa ya uyoga, utadhani hospitali zifungwe. Presha, sukari, vidonda vya tumbo, uvimbe, nguvu za kiume: pakiti moja inamaliza yote. Kilichomo ndani ya pakiti hizo ni kahawa iliyochanganywa na unga wa ganoderma, uyoga ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi, na ambao umetumika kama dawa huko Asia tangu enzi za kale. Jamaa zake huota bure hata Uganda, kwenye visiki na mashina ya miti iliyozeeka. Uyoga huu ni mgumu kama ubao, unang'aa kana kwamba umepakwa vanishi, na haufai kupikwa mchuzi. Ndiyo maana husagwa au kuchemshwa.

Si uongo mtupu. Ganoderma ina beta-glukani, aina ya sukari yenye minyororo mirefu ambayo seli za kinga huitambua na kuamka, na ina triterpeni, ambazo ndizo zinazoipa ule uchungu wake. Maabara zimeona hayo mara nyingi. Swali ni kama mgonjwa anapona. Mwaka 2015 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walipitia majaribio matano yaliyohusisha watu 398, wengi wao wakiwa na kisukari. Hawakupata ushahidi wa kuunga mkono uyoga huo kama tiba ya sukari, presha wala mafuta ya damu. Kuhusu saratani, mapitio ya mwaka 2016, nayo ya majaribio matano, yenye wagonjwa 373, yalisema ushahidi hautoshi kuupendekeza kuwa tiba ya kwanza. Labda uongezwe juu ya matibabu ya kawaida, na hata hapo majaribio yenyewe yalikuwa hafifu.

Eneo letu la West Nile, hapa Uganda, halihitaji kufundishwa jinsi ushahidi wa kitabibu unavyotafutwa. Katika Hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, daktari mmisionari Ted Williams aliweka kwa miaka mingi kumbukumbu za watoto waliovimba taya kwa saratani ya Burkitt. Kuanzia mwaka 1972 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa eneo hili, kisha wakasubiri kuona nani angeugua. Matokeo ya mwaka 1978 yaliipa nguvu hoja kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika na saratani hiyo. Na moja ya dawa zinazoitibu, vinkristini, inatokana na ua la Madagaska ambalo watu hulipanda uani kwa urembo tu. Penisilini nayo ilitoka kwenye kuvu, ukoo mmoja na uyoga. Kwa hiyo anayesema sayansi inadharau miti na uyoga hajaitendea haki. Inachodai ni kipimo kinachojulikana na wagonjwa waliohesabiwa, na hapo ndipo pakiti nyingi zinaponyamaza.

Madhara pia yapo. Ganoderma inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, na wapo watu walioumia ini baada ya kutumia unga wake. Anayeacha insulini au dawa za presha kwa ajili ya kahawa anahatarisha maisha yake, hata kama kahawa yenyewe haina sumu. Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji kama bidhaa yake imesajiliwa kuwa dawa na Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA. Usajili wa biashara ni kitu kingine kabisa.

Mimi ningeuchagua uyoga wa kichuguu. Mchwa hutafuna miti na majani makavu, wakarundika ndani ya kichuguu na kupanda juu yake kuvu ambayo huwasagia chakula. Mvua zikishika, kuvu hiyo hutoa uyoga unaopenya ardhi, wenye shina refu lililoshuka hadi kwenye bustani ya mchwa. Ukiuchimba taratibu utaliona shina hilo, lililo kama mzizi. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo protini yake huonekana zaidi ukikaushwa. Ukianikwa juani, mionzi hugeuza ergosteroli iliyomo kuwa vitamini D. Pika na simsim iliyosagwa, ule na ugali wa muhogo. Hicho ni chakula kizuri, na mimi siuiti dawa.

Lakini uchumwe na anayeujua. Uko uyoga mweupe mkubwa wa nyasini, *Chlorophyllum molybdites*, unaofanana nao. Ukikomaa, upande wa chini wa kofia yake hugeuka kijani, na anayeula hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Sarafu ya fedha chunguni au kitunguu kubadilika rangi havionyeshi sumu, wala uyoga ulioliwa na wadudu si lazima uwe salama kwa binadamu. Dalili zikichelewa saa sita au zaidi, hatari ni kubwa zaidi, maana sumu zinazoua ini huanza hivyo: mgonjwa hutapika, hupata nafuu kwa siku moja hivi, kisha huzidiwa. Asidanganywe na nafuu hiyo. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa, yafungwe kwenye karatasi yaende naye.