Vuli ya Japani, ngazi 1,015 na moto uliogawanywa

Sisi watu wa pwani twahesabu mwaka kwa pepo na mvua. Ukimtajia mtu wa Mombasa au Lamu neno vuli, atafikiria mvua ndogo za kati ya Oktoba na Disemba. Kamusi nazo hulitumia neno hilo hilo kutafsiri msimu ambao Wajapani huuita aki, na hapo mgeni huweza kupotea. Vuli ya Japani ni msimu wa majani kugeuka rangi na kupukutika, na baridi kuanza kuuma. Naishi Sendai, mji wa kaskazini-mashariki mwa Japani, na huku msimu huo ukifika watu hawakai majumbani. Hubeba chakula chao wakapanda milima.

Majani hayageuki rangi kwa sababu ya ukame, kama wengi wetu tunavyodhani. Siku zinapofupika na usiku kuwa baridi, mti hujitayarisha kwa miezi ya barafu kwa kuacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Kijani kikiisha, manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani huonekana. Wekundu ni habari nyingine: huo hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Ndiyo maana mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi huleta wekundu mkali zaidi. Mti unaopendwa kuliko yote ni momiji, wenye jani dogo lililochanuka mfano wa kiganja cha mtoto.

Mwanzo wa Novemba nilikwenda Yamadera, katika mkoa wa Yamagata. Kutoka Sendai ni mwendo wa kama saa moja kwa treni inayokatiza milimani. Yama ni mlima, tera ni hekalu; kwa hivyo jina lenyewe lamaanisha hekalu la mlimani. Jina rasmi ni Risshaku-ji, na lilianzishwa mwaka 860 na mtawa wa Kibudha aitwaye Ennin, ambaye kabla ya hapo alikuwa amesafiri na kusoma Uchina kwa miaka mingi.

Kutoka chini hadi ukumbi wa juu kabisa kuna ngazi 1,015 za mawe. Njia yapita chini ya miti mirefu ya sugi, jamii ya mierezi, ambayo haipukutishi majani, kisha ghafla momiji mmoja mwekundu hujitokeza kando ya jabali. Majabali yenyewe yametoboka matundu mengi, maana ni mawe laini ya asili ya volkano yaliyoliwa na upepo na mvua. Wazee wa miaka sabini na zaidi walinipita wakiwa na fimbo zao, na kila aliyenipita alinisalimu. Hiyo ndiyo ada ya milimani: mjini mtu hamsalimii asiyemjua, lakini kwenye njia ya mlima kila mmoja husalimu. Wengine huning'iniza kengele ndogo kwenye mabegi, kwa sababu msimu huu dubu hutafuta chakula kabla ya kulala miezi ya baridi, na mlio wa kengele huwatahadharisha kuwa mtu anakuja.

Kwa anayeswali, siku ya vuli huku yahitaji hesabu. Japani nzima hutumia saa moja tu, nasi tuko upande wa mashariki, kwa hivyo mwanzo wa Novemba jua hupinduka kama saa tano na dakika ishirini asubuhi. Adhuhuri huingia kabla ya saa sita, na jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni. Mtu akichelewa kupanda, giza litamkuta ngazini.

Huenda msomaji akauliza: Muislamu hekaluni atafuta nini? Nilikwenda kama wanavyokwenda wageni wengi, kuangalia na kujifunza. Hakuna aliyeniambia niiname wala niwashe ubani. Wanachotaka ni heshima: uvue viatu pale wanapovua, usipige picha palipokatazwa, usipaze sauti penye watu wanaoomba. Hayo hata sisi twayataka kwa anayezuru misikiti yetu ya kale.

Karibu na juu pana ukumbi wa mbao uliochomoza kwenye jabali. Ukisimama pale waona bonde zima, mapaa ya kijiji, na treni ikipita chini kama chombo cha kuchezea. Njiani pana jiwe la kumbukumbu ya mshairi Matsuo Basho, aliyefika hapa mwaka 1689 na kuandika shairi la silabi kumi na saba kuhusu ukimya wa mahali hapa na sauti ya nyenze. Wajapani wengi hulijua kwa moyo.

Lakini kilichonikaa akilini kiko chini, katika ukumbi mkuu. Ndani yake huwaka taa ambayo moto wake uliletwa kutoka Enryaku-ji, hekalu mama lililoko mlima Hiei karibu na Kyoto. Historia ya hekalu yasema kwamba katika vita vya karne ya 16 moto wa Yamadera ulizimika, ikabidi uletwe tena kutoka Hiei. Haikupita miaka mingi, mwaka 1571, mbabe wa vita Oda Nobunaga akaichoma Enryaku-ji. Safari hii moto wa Hiei ndio uliopotea. Hekalu lilipojengwa upya, watawa walikwenda kuuchukua Yamadera, kule ulikokuwa umepelekwa. Kila upande ulipopoteza, ulipata kwa mwenzake, kwa sababu moto ulikuwa umegawanywa kabla ya msiba.

Nikafikiria masanduku ya kwetu. Katika nyumba za pwani mna miswada ya tenzi, nasaba na barua zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na mara nyingi ni nakala moja tu. Mwenye nayo huificha kwa kuipenda, akichelea kwamba akiitoa haitarudi. Hofu hiyo ina haki yake, maana wapo walioazima wasirudishe. Lakini mchwa, unyevu wa bahari na moto wa jikoni havibishi hodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe pia ni mali.

Siku hizi kunakili hakumlazimu mtu kuutoa mswada nyumbani. Simu ya mkononi, mwanga wa dirishani na mchana mmoja vyatosha kupiga picha kila ukurasa. Nakala moja ibaki kwa mwenyewe, nyingine apewe ndugu aishiye mji mwingine, na ya tatu, kama mwenyewe ameridhia, iwekwe kwenye maktaba. Sanduku libaki lilipo, na ufunguo ubaki kwa mwenye nyumba.