Zahiri na Batini ya Gari la Paa la Turubai

Miongoni mwa magari ya kale yanayotafutwa kwa hamu hivi leo ni Volkswagen Beetle la paa la kukunjwa, lililoundwa na kampuni ya Karmann mjini Osnabrück, Ujerumani, tangu mwaka 1949 hadi Januari 1980. Yaliundwa zaidi ya 330,000. Kwa kuwa bei yake huishinda mbali ya lile la paa la bati, wametokea watu wanaolikata paa kwa msumeno, wakalivika gari turubai, kisha wakaliuza kuwa ni la asili.

Anayeghilibiwa hapotezi fedha tu. Beetle la kawaida hupata sehemu kubwa ya uimara wake kutokana na paa. Karmann walipoliondoa, walichomelea mihimili ya chuma chini ya vizingiti vya milango. Lililokatwa mitaani halina mihimili hiyo, na baada ya muda hulegea katikati hata milango ikakataa kufunga.

Basi mkaguzi na aanze chini ya kiti cha nyuma, ilikopigwa chapa namba ya chesi. Kwa magari yaliyotoka tangu Agosti 1964, namba ya lile la turubai huanza na 15, na ya magari mengi ya bati huanza na 11. Hapo uongo mwingi humalizika.

Kisha autazame mfuniko wa injini. Injini hii, iliyo nyuma, hupozwa kwa upepo wala haina maji. Beetle la bati huvuta hewa kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Lakini turubai likikunjwa hulala papo hapo, ndiyo maana matundu yakahamishiwa kwenye mfuniko wenyewe. Anayebandika mfuniko usio na matundu, ati unapendeza zaidi, anaibana injini pumzi.

Jambo zito zaidi limo ndani ya vizingiti. Hewa yenye joto kutoka kwenye injini hupita ndani ya vizingiti hivyo vyenye uwazi, ikafika miguuni mwa abiria na kwenye kioo cha mbele. Kwa hiyo njia ya hewa na uti wa mgongo wa gari ni kitu kimoja, na kutu ikila kimoja imekila na cha pili. Sisi wa visiwani, tunaojua chumvi ya bahari ifanyavyo kwa bati, hatuhitaji kufafanuliwa. Kutu hiyo huanzia ndani, ilhali nje rangi inang'aa. Sumaku ndogo isiponata kizingitini, fahamu kwamba umepaka mkono puti, si chuma.

Injini ikiwa inanguruma, fungulia joto na uweke kiganja penye matundu ya mbele. Pumzi ikiwa dhaifu, yamkini kizingiti kimetoboka njiani. Ikileta harufu ya moshi, zima mara moja: koti la chuma linalozunguka bomba la moshi limeoza pamoja na bomba lake, na hewa ya sumu inaingia kwa abiria. Kasoro hiyo ni ya hatari kwa roho.

Mwisho, kwa yale ya mwaka 1968 na kuendelea, mwaga kikombe cha maji kwenye matundu yaliyo mbele ya kioo. Maji yanatakiwa yatokee chini, kwa mpira wake. Yakionekana kwenye zulia, mpira umeziba au umeng'oka.