Bakteria wala mafuta nao huhitaji mbolea

Meli ikimwaga mafuta baharini, hakosekani mtu wa kuwatuliza wenzake kwamba bahari itajisafisha yenyewe. Ni kweli kwamba baharini wamo bakteria wanaokula mafuta. Lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama ufuo utapona kwa miezi au kwa miongo.

Anayejulikana zaidi ni Alcanivorax borkumensis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1998 na kupewa jina la kisiwa cha Borkum, katika Bahari ya Kaskazini. Sukari haimshughulishi; chakula chake hasa ni haidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta. Maji yakiwa safi ni nadra kumpata, mafuta yakimwagika huzaana haraka. Hujibandika juu ya tone la mafuta na kutoa kemikali inayofanya kazi kama sabuni. Mwaka 2023, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walionyesha jambo la kushangaza chini ya hadubini: bakteria waliokwisha kuzoea mafuta kwa siku kadhaa hutandaza utando mwembamba juu ya tone, kisha hulibonyeza na kulivuta hadi liote vijitawi kama vidole. Tone lenye vidole lina eneo kubwa zaidi la kuliwa, na huisha upesi.

Wengine hufanya kazi hiyo kwenye giza na baridi. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 walikufa, na mafuta yakabubujika kutoka kina cha takriban mita 1,500. Sehemu yake ilielea kama wingu kwenye kina cha mita 1,100 hivi, ambako maji yana nyuzi 5 tu za Selsiasi. Hata huko bakteria waliongezeka kwa kasi. Hawakuwa wageni: sakafu ya ghuba hiyo huvuja mafuta kwa asili tangu zamani, nao walikwisha kuizoea karamu hiyo.

Sasa nusu ya pili. Mafuta yana kaboni tele, lakini karibu hayana naitrojeni wala fosforasi, na bila hivyo hakuna seli inayoweza kujigawa. Ndiyo maana baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka huko Alaska mwaka 1989, wasafishaji walinyunyizia mbolea kwenye fukwe, na mafuta yakaoza haraka zaidi pale mbolea ilipofika. Lakini yaliyozama chini ya kokoto, mahali pasipo oksijeni ya kutosha, yalikutwa hata baada ya zaidi ya miaka 20. Lami, sehemu nzito kabisa ya mafuta, huwashinda karibu wote.

Hapo ndipo ninapoihofia mikoko ya pwani yetu. Chimba kidogo kwenye tope lake utakuta weusi na harufu ya yai viza, dalili kwamba oksijeni imekwisha. Wapo bakteria wanaovunja mafuta bila oksijeni, ila hujikokota mno. Kwa hiyo kazi ya kuokoa mikoko hufanyika mafuta yakiwa bado yanaelea, kwa kuyazuia na kuyakusanya. Yakishapenya kwenye mashimo ya kaa na kati ya mizizi, mbolea haisaidii kitu, na kuyafukua ni kuing'oa mikoko yenyewe.